Bukavu na Goma: Modemu moja kwa nyumba nzima, ruta inasaidia lakini mega zinaisha haraka

Kwenye miji ya Bukavu na Goma, ni kawaida kukuta wanafunzi watatu ao wane waliopanga nyumba moja, ao ofisi ndogo yenye kompyuta kadhaa, wakitegemea modemu moja tu: kile kifaa kidogo cha USB kinachobeba kadi ya simu. Modemu hiyo inahudumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, na wengine wanangoja zamu. Ruta ndogo ya Wi-Fi yenye tundu la USB inaondoa shida hiyo kwa bei ambayo watu wachache wanaweza kuchanga. Lakini inaleta shida ingine: mega zilizonunuliwa kwa wiki nzima zinaweza kuisha kwa siku moja, na hakuna anayejua nani amezila.

Ruta inafanya nini?

Ruta ya kawaida inapokea intaneti kwa njia ya waya. Hii inaipokea toka modemu iliyochomekwa ndani yake, kisha inaitawanya kwa Wi-Fi ndani ya nyumba. TP-Link TL-MR3420 na ndugu yake mdogo TL-MR3020 ni mifano inayojulikana. Modemu nazo ni kama Huawei E173 ya 3G ao Huawei E3372 ya 4G.

Mnunuzi anapaswa kuangalia mambo mawili mbele ya kutoa pesa. La kwanza, si kila ruta inakubali kila modemu. Mtengenezaji wa ruta anatangaza orodha ya modemu zinazokubalika. La pili, modemu nyingi zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa, hazikubali kadi ya kampuni ingine.

Modemu inajaribiwa kwanza kwenye kompyuta, na PIN ya kadi inaondolewa. Halafu inachomekwa kwenye ruta, kompyuta inaunganishwa na Wi-Fi ya ruta hiyo, na mtu anaandika anwani iliyo kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1. Pale anachagua nchi na kampuni ya simu. Kama kampuni yake haionekani, anaandika mwenyewe APN ileile iliyokuwa ndani ya programu ya modemu.

Ruta haiongezi mwendo wa intaneti. Kama rezo ni mubaya mahali modemu ilipo, itakuwa mubaya kwa wote. Dawa ya kwanza ni waya mfupi wa USB wa kurefusha, ili modemu ifike karibu na dirisha. Kuta za matofali zinazuia sana rezo.

Umeme nao unahesabika. TL-MR3020 inatumia volti 5, kwa hiyo pawabanki ao tundu la USB la kompyuta linaweza kuiendesha wakati umeme wa SNEL umekatika. Ruta kubwa zaidi zinahitaji adapta yao. Modemu inapotafuta rezo ya mbali inavuta umeme mwingi, na tundu la USB 2.0 limepangwa kutoa miliampea 500 tu. Modemu ikizimika na kuwaka kila mara, adapta zaifu ni ya kwanza kushukiwa.

Likelemba isiyo na zamu

Watu wanaochanga pesa ya mega wanafikiri wanacheza likelemba. Lakini katika likelemba kila mtu ana zamu yake na kiasi chake. Ruta haijui nani alichanga kiasi gani. Mwenye kupakua sinema anakula sehemu ya mwenye kutuma barua moja tu.

Hesabu yake si ngumu. Video inayopita kwa mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde inakula mega 450 kwa saa moja. Mtu mmoja akiangalia peke yake, giga 1 inaisha baada ya saa mbili na dakika chache. Watu wane wakiangalia kila mtu yake, giga hiyo haifikishi dakika 35.

Hata bila video, kompyuta zinakula kimya-kimya. Windows ikiona Wi-Fi, inazani intaneti haina mwisho na inaanza kupakua programu mpya. Simu nazo zinatuma picha zote kwenye akiba ya mtandaoni. Ndiyo sababu kila kompyuta inayoingia kwenye ruta inafaa kuwekwa kwenye «connexion limitée», na WhatsApp ikatazwe kujipakulia video, kwenye sehemu ya «Stockage et données».

Ruta yenyewe inasaidia pia. Ndani ya TL-MR3420 na TL-MR3020 kuna sehemu ya kugawa mwendo, ambapo kila kompyuta inawekewa kipimo chake. Kuna pia orodha ya vifaa vyote vilivyoingia. Mtu akikuta pale simu isiyo ya nyumba, amempata mwizi wa mega.

Rezo ya ngambo

Kwa miji ya mpaka kuna hatari ingine. Goma inagusana na Gisenyi, na Bukavu inatazamana na Cyangugu. Karibu na mpaka, simu mara nyingi inashika rezo ya Rwanda, na mwenye simu anaiona kwenye kioo. Modemu iliyo ndani ya ruta haina kioo. Kama roaming imeachwa wazi, inaweza kupita ngambo bila mtu kujua, na yunite zinaliwa kwa bei ya nchi za kigeni.

Dawa ni kufunga roaming, ao kuchagua rezo kwa mkono, wakati modemu ingali kwenye kompyuta. Modemu kama E3372 ya aina ya HiLink ina ukurasa wake kwa anwani 192.168.8.1, na pale ndipo roaming inafungwa.

Kufunga mlango

Wi-Fi inapita kuta na kufika kwa jirani. Neno la siri la Wi-Fi liwe refu, kwa ulinzi wa WPA2, na WPS izimwe. Neno la kuingia ndani ya ruta yenyewe, ambalo kwa ruta nyingi za zamani ni «admin», libadilishwe siku ya kwanza. La sivyo, yeyote aliye kwenye Wi-Fi anaweza kuondoa vipimo vyote vilivyowekwa.

Kwa watu wawili wanaohitaji intaneti saa moja kwa siku, simu yenye kugawa intaneti inatosha. Lakini simu inaondoka na mwenyewe, na batri yake inaisha. Ruta inabaki nyumbani. Inafaa pale ambapo watu wamekwisha kukubaliana mbele: nani anachanga, video zinaangaliwa saa gani, na nani anashika neno la siri. Bila mapatano hayo, kifaa kilichonunuliwa ili kuokoa pesa kinakuwa mwanzo wa ugomvi kila mega zinapoisha.