Mzazi ameanza kusahau mapema: je, watoto watarithi?

Mzazi akianza kupotea njia ya sokoni kabla ya miaka 65, watoto hujiuliza: na sisi zamu yetu inakuja? Mara nyingi, hapana.

Dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hurithiwa moja kwa moja katika familia chache sana. Katika familia hizo, ndugu kadhaa huugua wakiwa bado vijana au watu wazima wa makamo, kizazi baada ya kizazi, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi.

Kwa wengine, damu ya ukoo huongeza hatari lakini haiamui peke yake. Presha, kisukari, sigara, pombe nyingi na kuumia kichwa, mfano kwenye ajali ya bodaboda, navyo huchangia. Hivyo tunaweza kuvipunguza.

Tena, si kila kusahau ni dimensia. Upungufu wa vitamini B12, kaswende au sonona huweza kuleta dalili kama hizo, na hutibika.

Kwa hiyo, kabla ya kusema ni laana au uchawi, mpelekeni mgonjwa hospitali. Hapa Babati ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Mwelezeni daktari ni ndugu gani waliougua, na walianza wakiwa na umri gani.