Kiinimacho cha Dukani na Pata Potea ya Stendi

Jijini Tokyo ipo kampuni iitwayo Tenyo ambayo imekuwa ikiishi kwa kudanganya macho ya watu tangu mwaka 1931, wala haifichi kazi yake. Inatengeneza vifaa vidogo vya mazingaombwe, vingi vya plastiki na vinavyotosha kiganjani, na ndani ya kila kisanduku huweka maelezo ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Huku kwetu, katika stendi na masoko ya Kitale na Bungoma nchini Kenya, kiinimacho tunachokifahamu zaidi ni pata potea: karata tatu juu ya kipande cha katoni, na abiria anayeondoka bila nauli. Wengi huviona vitu hivi viwili kuwa ndugu wa tumbo moja. Hoja yangu ni kwamba mbinu zao zaweza kufanana, lakini maadili yao yanapingana kabisa, na kwamba anayeijua mbinu ya vifaa vya mazingaombwe ana kinga dhidi ya pata potea.

Tenyo ilianzishwa na Shokyokusai Tenyo, mfanya mazingaombwe wa jukwaani. Jina la Shokyokusai ni la ukoo wa sanaa, ambalo mwalimu humrithisha mwanafunzi; aliyelitukuza, Shokyokusai Tenichi, alizunguka na kikundi chake Marekani na Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Tenyo aliipeleka sanaa hiyo kwenye kaunta za maduka makubwa, ambako muuzaji humfanyia mteja kiinimacho ana kwa ana, kisha humuuzia kifaa pamoja na siri yake. Katika Dynamic Coins, kwa mfano, sarafu zilizofunikwa kwa vikombe viwili vidogo huonekana kuhama na kutoweka. Wabunifu kama Hiroshi Kondo na Shigeru Sugawara walifanya kazi ya kubuni mambo ambayo mtu asiye na mafunzo anaweza kuyafanya vizuri, na kampuni ilinunua pia mawazo ya wageni, akiwemo Lubor Fiedler wa Ulaya. Kila mwaka hutoka vifaa vipya vichache na vya zamani huacha kutengenezwa. Ndiyo maana wakusanyaji huvisaka kwa namba zake zinazoanza na herufi T, na kisanduku cha zamani chenye karatasi yake ya maelezo huuzwa kwa bei inayozidi sana ile ya dukani. Richard Gerlitz amewaandikia wakusanyaji hao kitabu kizima, Tenyoism.

Ili kuelewa kinachouzwa ndani ya visanduku hivyo, tuchukue kanuni moja ya kale. Chukua kisanduku kilicho wazi mbele, ndani kikiwa na mistari ileile kila upande. Weka kioo kwa mshazari wa nyuzi 45, kutoka ukingo wa juu wa mbele hadi ukingo wa chini wa nyuma. Kioo kitaakisi sakafu, nalo jicho litadhani linaona ukuta wa nyuma, hivyo kisanduku kitaonekana kitupu. Dondosha sarafu kwenye tundu la juu: itaanguka nyuma ya kioo na hutaiona tena. London ilishangazwa na hila ya jamii hiyo mwaka 1865, mfanya mazingaombwe Stodare alipoonyesha kichwa kinachozungumza juu ya meza, huku vioo kati ya miguu ya meza vikificha mwili wa mwenye kichwa. Hapo hapana jini wala dawa. Ni somo la mwanga, lile linalofundishwa katika fizikia ya sekondari.

Sasa tuitazame pata potea kwa jicho hilohilo. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na kukuonyesha kwamba ya chini ndiyo malkia, karata unayotakiwa kubashiri ilipo. Anapozirusha, akili yako inaamini kwamba ya chini ndiyo imetangulia kuanguka, kumbe vidole vimeiachia ya juu. Kuanzia hapo unaifuata kwa makini karata isiyo yenyewe. Pembeni wamesimama washirika wake wanaojifanya wapita njia: mmoja anashinda mara mbili, mwingine anakunong'oneza jibu, wa tatu anaangalia askari. Sheria ya kamari ya mwaka 1966 ilikataza kamari mahali pa umma, lakini katoni hukunjwa upesi kuliko hatua za polisi. Wale wa kuzidisha noti, wanaodai kusafisha karatasi nyeusi ziwe dola, wana mbinu hiyohiyo: kubadilisha kitu wakati macho ya mteja yako kwingine.

Mbinu, basi, ni moja: kuongoza macho na kutumia mazoea ya akili. Kinachotenganisha ni makubaliano. Mtazamaji wa mazingaombwe anajua kwamba anadanganywa, amekubali, na akitoka amepoteza kiingilio tu. Mnunuzi wa kisanduku cha Tenyo anapewa hata siri yenyewe. Mchezaji wa pata potea anaambiwa kwamba mchezo ni wa haki, na faida yote inatokana na yeye kutoijua siri. Anayeficha siri ili kuburudisha ni msanii; anayeificha ili kukamua mfuko wa mwenzake ni mwizi.

Kuna watakaosema kwamba kumfundisha mtoto hila ni kumlea tapeli. Hofu hiyo ina msingi, kwani ujuzi wowote waweza kutumiwa vibaya. Hata hivyo, matapeli wa stendi hawakungoja vifaa kutoka Japani, na wanaoliwa ni wale wanaoamini kwamba macho yao hayawezi kukosea. Mtoto aliyewahi kuficha sarafu nyuma ya kioo anajua kwamba jicho lake linaweza kuhadaika, naye ataipita katoni ya karata bila kusimama. Wengine watahofia uchawi. Lakini Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 iliwalenga wanaojidai kuwa na nguvu za kutisha au kudhuru watu, na mtu anayekupa karatasi ya maelezo anafanya kinyume chake: anaonyesha kwamba nguvu hizo hazipo.

Wapo pia watakaouliza faida ya mtu mzima kukusanya plastiki za kuchezea. Jibu liko kando ya barabara ya Kitale kwenda Eldoret. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyaji mmoja, Hugh Stoneham, aliyeweka wadudu, ndege na vitabu tangu 1894 hadi kifo chake mwaka 1966. Alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, akaliachia taifa mkusanyo huo, na jengo jipya likafunguliwa Desemba 1974, makumbusho ya kwanza ya mkoani katika bara la Kenya. Kipepeo asiye na lebo ni vumbi la kesho. Aliyeandikwa mahali na tarehe ni ushahidi. Vivyo hivyo, kifaa cha Tenyo bila maelezo ni plastiki tu, na wanaohifadhi vyote viwili wanatunza historia ya ubunifu.

Pingamizi la bei ndilo zito zaidi. Vifaa hivi si vya kuokotwa katika maduka ya Kitale wala Bungoma, na mzazi anayehesabu karo hatamwagizia mtoto kisanduku kutoka Tokyo. Hahitaji. Katoni, gundi, karatasi yenye mistari na kipande cha kioo kilichokatwa na fundi wa madirisha vinatosha kujenga kisanduku nilichokieleza. Klabu ya sayansi ya shule yoyote ya Trans Nzoia au Bungoma inaweza kukitengeneza katika kipindi kimoja, kisha mwalimu aongeze karata tatu na kuonyesha polepole ni ipi inayotangulia kuanguka. Mfanya mazingaombwe anayezunguka shuleni akitoza kiingilio angeweza kualikwa kumalizia somo. Mwanafunzi atakuwa amejifunza mwakisiko wa mwanga, na nauli yake itafika nyumbani.