Kwa Gemu za Zamani, Baki na TV ya Chogo

Kutoka Mlalo limekuja swali la mwenye banda la gemu. Ana PlayStation 2, ana PlayStation ya kwanza, na ana ile mashine ya kaseti inayokuja na bunduki ya kulengea bata. Zote anazichezesha kwenye TV mbili za chogo za inchi 21. Sasa amepata mtu wa kubadilishana naye: atoe hizo mbili, aongeze fedha kidogo, apewe TV bapa moja ya inchi 32. Anauliza kama hiyo ni biashara nzuri. Angekuwa anaonyesha mpira wa Ligi Kuu, ningemwambia achukue bapa leo hii. Kwa mashine alizonazo, atakuwa anauza nusu ya mashine zenyewe, kwa sababu gemu za enzi ile zilitengenezwa zikitegemea namna kioo cha chogo kinavyochora picha. Mambo ya inchi, HDMI na 4K nayaacha. Muuza duka yeyote huyaeleza vizuri.

Tanzania Bara ilianza kuona televisheni yake mwaka 1994, mwaka ambao ITV iliingia hewani, na mwaka huohuo Sony ilitoa PlayStation huko Japani. TV zilizoingia majumbani wakati huo zilikuwa za chogo, na mashine za gemu zilichomekwa humohumo. Kisha usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Mamlaka ya Mawasiliano ilieleza kuwa TV ya zamani inahitaji king'amuzi tu, lakini wengi walishaamua kwamba chogo limekwisha kazi. Kilichozimwa ni mitambo ya kurushia matangazo. TV yenyewe haikuguswa. Na mashine ya gemu haikuwahi kuhitaji mnara wowote, kwani huingiza picha kwa waya za AV au kwa tundu la antena.

Ndani ya chogo, kwenye shingo ya kioo, kuna kifaa kinachotema elektroni. Elektroni hizo huvutwa mbele kwa umeme unaoweza kuzidi volti 20,000, na zikigonga unga wa fosfori uliopakwa upande wa ndani wa kioo, unga huo huwaka. Koili zilizozungushiwa shingo huupinda mwale kushoto na kulia, juu na chini. Katika mfumo wa televisheni wa PAL picha nzima ina mistari 625, na mwale huchora mistari 15,625 kila sekunde. Mfikirie mpanzi kwenye matuta ya mlimani, juu ya Mlalo. Anaanza tuta la juu kabisa, anadondosha mbegu kutoka kushoto kwenda kulia, na akifika mwisho anarudi mikono mitupu kuanza tuta jingine. Ila hajazi shamba kwa mzunguko mmoja. Mzunguko wa kwanza anapanda tuta la kwanza, la tatu, la tano, hadi bondeni. Anakwea tena hadi juu, kisha anapanda la pili, la nne, la sita. Kila mzunguko unachukua sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na jicho linaona shamba lote limejaa. Mtindo huu nauita mpishano, na sikubali uitwe mwingiliano, kwani mistari yake haiingiliani hata kidogo. Sasa, mashine za zamani zilikuwa na uwezo mdogo mno. Ile ya kaseti hutoa mistari 240 tu. Waundaji wake wakaibadili kidogo ishara inayomwambia mpanzi aanze mzunguko mpya, naye akawa anarudi kwenye matuta yaleyale kila mara. Yale ya katikati hayapati mbegu. Sogeza uso karibu na kioo gemu ya kaseti inapochezwa: kati ya mistari ya rangi utaona mistari myembamba ya giza. Wachoraji wa gemu walifanya kazi zao mbele ya vioo vya namna hiyo. Giza hilo, pamoja na mng'ao unaovuja kidogo kando ya kila nukta, lililainisha kona, na uso wa mhusika uliochorwa kwa nukta chache ukawa uso kweli. Kwenye TV bapa nukta zilezile zinakuwa miraba yenye kingo kali.

Bunduki ndiyo inayonifurahisha kuliko vyote, kwa sababu haitoi kitu, inapokea. Mdomoni ina lenzi na kijicho kinachohisi mwanga. Ukivuta kifyatulio katika Duck Hunt, gemu ya mwaka 1984, mashine inakifanya kioo kizima kiwe cheusi kwa mzunguko mmoja, halafu inachora mraba mweupe mahali alipo bata. Kijicho kikiona giza kisha mwanga, bata ameanguka. Bata wakiwa wawili, kila mmoja anapewa mraba wake kwa zamu, na mashine inajua nani amepigwa kwa kuangalia mwanga umeingia katika zamu ipi. Giza la mwanzo linamnasa mjanja anayeielekeza bunduki kwenye balbu. Kinga ya pili ni nzuri zaidi: saketi ya bunduki ya Nintendo, ambayo hizi zetu zimeiga, imetegwa kuitikia mwanga unaopepesa kama mara 15,000 kwa sekunde, yaani ile kasi ya mwale kupita mstari hadi mstari. Jua halipepesi hivyo, wala TV bapa, kwa hiyo mbele ya bapa bunduki ni kipofu hata ukiigusisha kwenye kioo. GunCon, bunduki ya Namco kwa ajili ya PlayStation, imekwenda mbali zaidi. Ina waya unaochomekwa kwenye njia ya picha ili ijue hasa mpanzi ameanza lini tuta la juu. Anapopita mbele ya mtutu, inasoma muda. Mstari mmoja wa PAL huchukua mikrosekunde 64. Mwale ukionekana mikrosekunde 6,400 baada ya mzunguko kuanza, umelenga mstari wa 100, na vipande vya muda vinavyobaki vinasema ni upande gani wa mstari huo.

Mtu atauliza: na asiyecheza kwa bunduki? Huyo naye atakerwa na kuchelewa. Chogo haliweki picha akibani. Ishara ikifika, mwale unaichora papo hapo. TV bapa inapaswa kuipokea picha, kuihifadhi, kuikuza ienee kwenye nukta zake, ndipo iionyeshe. Tena nyingi zikiletewa mistari 240 huidhani ni nusu ya picha ya mpishano, zikaanza kuunganisha mizunguko miwili ambayo si nusu za kitu kimoja, na kingo zikatetemeka. Kwa baadhi ya TV kazi hiyo huzidi milisekunde 100, sawa na mizunguko mitano. Katika Winning Eleven hapo umeshabonyeza pasi na beki wa mwenzako ameshaufikia mpira. Ni kweli TV nyingi zina mpangilio wa gemu unaopunguza kuchelewa, lakini mara nyingi kule kudhania kunabaki palepale. Vigeuzi vya bei ndogo vya AV kwenda HDMI vinafanya kosa hilohilo kabla TV haijalifanya. Vipo vizuri, kama RetroTINK, vinavyoisoma mistari 240 sawasawa, ila bei yake inanunua TV za chogo kadhaa. Kwa PlayStation 3 na zilizofuata, nunua bapa.

Hoja ya umeme ni ya kweli: chogo la inchi 21 hula umeme mwingi kuliko bapa kubwa kuliko lenyewe, na kwa anayetumia sola hilo linaweza kuamua kila kitu. Lakini TV mbili zinakalisha wateja mara mbili ya TV moja, na hesabu ya banda iko hapo. Unyevu wa milimani nao unadai uangalifu. Umeme mkubwa unaotoka kwenye flaibeki, yaani transfoma ya kioo, hutafuta vumbi lenye unyevu ili uvuje, na ukisikia mlio wa kufoka nyuma ya TV asubuhi ya ukungu, izime umwite fundi. Usilifungue mwenyewe, kwani kioo hubaki na chaji hata waya ukiwa umechomolewa. Doa la zambarau au kijani pembeni mwa kioo, kwa kawaida, ni la spika: sumaku yake inaupinda mwale ugonge rangi isiyo yake. Sogeza spika, zima TV kwa swichi yake kuu, iache ipoe kwa muda, uiwashe tena. Koili iliyozungushiwa kioo husafisha sumaku kila inapowashwa ikiwa imepoa.

Akitaka kuongeza la tatu, aende dukani na mashine yake, si kwa maneno ya muuzaji. Aweke gemu yenye sehemu nyeupe kubwa, aangalie pembe zote nne kama weupe ni mmoja, na kama picha inavimba mwanga unapoongezeka, aliache. Aliache pia chogo la kisasa lililoandikwa 100 Hz, kwa sababu hilo huihifadhi picha kabla ya kuichora, na bunduki zake hazitafanya kazi humo.