Mkaidi, au Hakufahamu?

Wengi wetu tulisoma chini ya fimbo, na tukiulizwa leo husema kuwa ndiyo iliyotunyosha. Tena huongeza methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, walakini samaki mbichi hukunjwa kwa vidole, wala hatujamwona mtu akimkunja kwa rungu.

Twayasema haya kwa ajili ya watoto wa darasa la awali, wenye miaka mitano hivi, na hasa wale wa Bariadi na wilaya za Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 ndizo mkoa wa Simiyu. Huko mtoto wa Kisukuma huwaamkia wazee wake kwa "mwangaluka", na michezo yake yote ni kwa lugha hiyo. Kisha asubuhi moja huingizwa katika chumba chenye watoto waliopita mno wale 25 waliowekwa na kanuni, akaamrishwa kwa Kiswahili akae katika kundi lake na atoe vihesabio. Husimama akikodoa macho, na mwalimu humhesabu mkaidi. Kumbe hakuikataa amri, hakuifahamu. Akipigwa hujifunza kunyamaza, na mwalimu hudhani kuwa ameshika adabu.

Walimu wastadi wa watoto wadogo hufanya vingine. Hutoa amri moja moja na kuionyesha kwa mkono. Isipofahamika huisema kwa Kisukuma, kisha wakairudia kwa Kiswahili. Hawasemi "acha fujo", maana mtoto hajui fujo yaanzia wapi, bali husema "weka mikono mapajani". Huwa na wimbo wa kuketi na wimbo wa kukusanya vitu, nao hutosha mahali pa makelele. Asiyetulia humpa kazi ya kuwagawia wenziwe vifuniko vya soda vya kuhesabia. Aliyempiga mwenziwe huketishwa karibu na mwalimu hata hasira ishuke, kisha huongozwa kurudisha alichonyang'anya. Na aliyefanya vema huambiwa wazi alichofanya: "Umemngoja mwenzio."

Haya si ndoto. Chini ya mpango wa EQUIP-T uliomalizika mwaka 2020, ulioendeshwa kwa msaada wa Uingereza katika mikoa kadhaa pamoja na Simiyu, yalifunguliwa madarasa ya utayari kwa watoto waliokosa elimu ya awali. Waliofundisha walichaguliwa na jamii zao wenyewe, na masomo yakajengwa juu ya hadithi.

Nasi Waislamu tuna mfano ulio bora kuliko huo. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto katika malezi ya Mtume (S.A.W.), na mkono wake ukizunguka sahani nzima wakati wa kula. Mtume hakumkaripia. Alimwelekeza amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake: mambo matatu, yote ya kutenda.

Hapana shaka atatokea wa kutukumbusha ile hadithi ya kuamrishwa Sala kwa miaka saba na kupigwa kwa miaka kumi. Vema, na aihesabu. Baina ya saba na kumi mna miaka mitatu ya kuambiwa mara tano kila siku, yaani zaidi ya mara 5,000 kabla ya kufikiwa fimbo, na hapo wanavyuoni wameshurutisha isiumize. Huyu wetu ana miaka mitano!

Hata Serikali, katika kanuni zake za mwaka 2002, haikumwachia kila mwalimu fimbo. Ni ya mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi, kwa kosa kubwa tu, isizidi viboko 4, na iandikwe kitabuni. Mtoto wa awali ana kosa gani kubwa?

Lakini tusimwachie mwalimu mzigo wote. Mzazi mwenye mtoto atakayeanza shule Januari na amzoeze tangu sasa maneno machache ya Kiswahili: kaa, simama, ngoja, njoo, nipe, chukua. La kwanza kabisa liwe "naomba kwenda chooni", kwani wako waliojikojolea darasani kwa kukosa maneno hayo matatu, wakapigwa.