Pesa za Kaboni kwa Mkulima wa Mpunga: Jua Haya Kwanza
Unalima mpunga Mwea na umeskia udongo wako unaweza kukuletea pesa? Inawezekana. Usipochoma mabua, ukayafanya mboji na kuyarudisha shambani, sehemu ya kaboni yake hubaki udongoni. Usiyafukie mabichi kwenye maji: yakioza humo hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Kuipunguza, acha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, kisha umwagilie tena. Mpunga ukichanua, usiukaushe.

Kaboni hupimwa kwanza, malipo hufuata, kwa hivyo pesa haiji kesho. Soma mkataba: mgao wako ni asilimia ngapi, na umefungwa miaka mingapi?

Ukiitishwa PIN ndio ulipwe, huyo ni mkora. Kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji PIN.