"Mtandao Hakuna": Neno Moja na Hitilafu Nne katika Ofisi za Nyasho

Nyasho ni kata mojawapo ya mji wa Musoma, ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria na ulio makao makuu ya Mkoa wa Mara. Mjini humo hukutana Wajita, Wakwaya, Waruri, Wakurya, Wazanaki, Wajaluo na wengineo, na lugha iwaunganishayo sokoni na ofisini ni Kiswahili. Kwa hiyo mambo ya kompyuta nayo, ijapokuwa yalianzia mbali, huzungumzwa humo kwa Kiswahili, na hitilafu zake hutajwa kwa maneno ambayo yafaa yachunguzwe na wanafunzi wa lugha.

Katika maneno hayo hakuna linalosikika mara nyingi kuliko kauli hii fupi: "Mtandao hakuna." Mtu aliyetoka kijijini tangu alfajiri, akalipa nauli, akapanga foleni, huambiwa dirishani maneno hayo, na mara nyingi huongezewa: "Njoo kesho." Kusudi la makala hii ni kuonyesha kwamba kauli hiyo moja hubeba hitilafu zisizopungua nne zilizo mbalimbali kabisa, kwamba sehemu kubwa ya kazi ya fundi wa mtandao ni kuzitenga maana hizo, na kwamba kutozitenga kunamgharimu mwananchi.

Kwanza yafaa kulitazama neno lenyewe. "Mtandao" latokana na shina "tanda", maana yake kuenea juu ya kitu, kama wingu linavyotanda juu ya ziwa au buibui anavyotanda utando wake. Neno halikuanza na kompyuta. Mtandao wa Jinsia Tanzania ulipoundwa mwaka 1993, lilitaja watu na vikundi vilivyoshikamana kwa kusudi moja. Katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 lilitaja mahali pasipoonekana ambapo uhalifu waweza kutendwa. Ilipoanzishwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa sheria ya mwaka 2019, lilitumiwa kama kivumishi, likieleza namna ya kuendesha serikali. Katika mazungumzo ya kila siku ni mawimbi ya simu, tena ni kampuni ya simu yenyewe, kwani mtu huulizwa: "Unatumia mtandao gani?" Neno limetanda kweli kama asili yake, na kila lilipoenea limeongeza maana bila kuacha ya zamani.

Sasa na tumfuate fundi. Katika maandishi ya kazi huitwa Ofisa TEHAMA, jina lililoundwa kwa silabi za mwanzo za Teknolojia ya Habari na Mawasiliano; katika mazungumzo ni "mtu wa aiti" au fundi tu. Akiitwa na kuambiwa "mtandao hakuna", haiamini kauli hiyo wala haikatai. Huigawanya kwa maswali, akianza karibu na kwenda mbali.

(a) Swali la kwanza ni la waya. Je, taa ndogo iliyo penye tundu la waya inawaka? Ikiwa haiwaki, huenda waya umechomoka, au umekunjika chini ya mguu wa meza, au swichi inayokusanya nyaya za chumba haina umeme. Lakini pengine taa zote zinawaka, tena kwa kasi isiyo ya kawaida, na hakuna kompyuta hata moja inayofanya kazi. Hapo fundi hutafuta waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa katika swichi ile ile. Mtu mwenye nia njema aliona ncha inaning'inia akaichomeka ili pawe nadhifu. Tangu hapo ujumbe unazunguka ndani ya nyumba bila kutoka. Huo si ukosefu wa mtandao, bali ni msongamano.

(b) Swali la pili ni la anwani. Kila kompyuta hupewa anwani ya tarakimu, kwa kawaida na ruta. Anwani inayoanza na 192.168 ni ya ndani ya nyumba, nayo mara nyingi ni dalili njema. Inayoanza na 169.254 ni dalili mbaya: kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Jambo hili hutokea umeme unapokatika na kurudi, kompyuta ikawahi kuamka kabla ya ruta. Dawa yake ni dakika chache tu.

(c) Swali la tatu ni la njia ya nje. Hapa fundi hutumia chombo kinachoitwa ping, kilichoundwa na Mike Muuss wa Marekani mwaka 1983, naye alikiita hivyo kwa kuigiza mlio wa chombo cha kupimia vitu chini ya maji. Ni tanakali ya sauti, jambo ambalo Mswahili halioni geni, na fundi husema "piga ping" kama asemavyo "piga simu" na "piga pasi". Hupiga kwanza kwenye ruta, kisha kwenye anwani ya mbali, mathalani 8.8.8.8. Ruta ikijibu na ya mbali isijibu, nyumba ni nzima na hitilafu yaelekea iko nje: katika waya wa barabarani, kwa mtoa huduma, au mbali zaidi.

(d) Swali la nne ni la mfumo. Anwani ya mbali ikijibu kwa tarakimu, lakini ukurasa usifunguke kwa jina, yaelekea ni daftari la majina lililoharibika, yaani ile huduma inayogeuza majina kuwa tarakimu. Kurasa nyingine zote zikifunguka, na ule wa kazi tu usifunguke, basi seva ya makao makuu ndiyo isiyojibu. Mtandao upo, kinachokosekana ni mfumo. Hakuna waya wa Nyasho utakaoponya hitilafu ya namna hiyo.

Baada ya maana, yafaa kutazama sarufi. Watu husema "mtandao umekatika", mara chache "umekatwa". Kauli ya kutendeka hueleza hali ya kitu bila kumtaja mtenda wala kumwacha nafasi, hali kauli ya kutendwa huleta papo hapo swali: "Na nani?" Katika "mtandao unasumbua", mtandao wenyewe ndio mtenda, kama mtoto mtundu. Katika "mtandao hakuna" kiambishi "-ku-" ni cha mahali, na sentensi nzima hukana kuwapo kwa kitu tu: haina mtenda, haina sababu, haina mwisho. Ndiyo maana ni jibu linalofunga mazungumzo. Mwenye kuuliza hana pa kuanzia swali la pili.

Si kwamba kauli ya kutendeka ni ya uongo daima. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku hizo aliyesema kwamba mtandao umekatika alisema kweli tupu, ingawa palipokatika ni zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Musoma. Lakini kauli ile ile hutumika kwa waya uliochomoka chini ya meza, na hapo ndipo ilipo hasara.

Neno "mkongo" lastahili kuangaliwa, kwani ni mfano wa istilahi iliyofaulu. Laandikwa sawasawa na jina la mtu wa Kongo, lakini upatanisho wa sarufi waondoa shaka: "Mkongo amefika" ni mtu, "mkongo umefika" ni njia ya mawasiliano. Limekubalika kwa sababu limetaja kitu ambacho "waya" halikukitosheleza. Hali ya "tarakilishi", lililoungwa kutokana na "tarakimu" na "akili", ni nyingine: ni neno la ustadi, lakini lilikuta "kompyuta" imekwisha kukaa, na halikutenga kitu chochote ambacho kompyuta haikukitaja. "Ngamizi" nalo lilipendekezwa, likabaki na mwangwi wa kuangamiza. Fundi wa Nyasho hahitaji jina la pili la kitu kimoja. Anahitaji majina manne ya vitu vinne.

Majina hayo yapo tayari, wala hapana haja ya kuyabuni. "Waya umechomoka." "Kompyuta haijapata anwani." "Njia ya nje imekatika." "Mfumo wa makao makuu haujibu." Kila sentensi humwambia msikilizaji mahali pa hitilafu na nani wa kuitengeneza; aghalabu humdokezea pia muda wa kungoja. Mwenye kusikia ya kwanza au ya pili ataketi barazani robo saa. Mwenye kusikia ya tatu ataomba namba ya simu ili aulize kabla ya kusafiri tena. Mwenye kusikia ya nne atajua kwamba hata akienda ofisi nyingine yenye mfumo huo huo hatapata huduma, naye atatunza nauli yake.

Wanaotunga istilahi za kompyuta wangefanya vema kuanzia hapo dirishani, kwa kusikiliza ni tofauti zipi ambazo msemaji anazihitaji na hana neno la kuzitajia, au analo lakini hajazoea kulitumia. Na ofisi ingeweza kuanza hata kesho asubuhi, kwa kuzibandika sentensi hizo nne ukutani kando ya dirisha, ili karani achague iliyo ya kweli kabla ya kumjibu mtu aliyetoka mbali.