Mchoro wa Taaluma Huanzia Kwenye Orodha ya Marejeleo

Msomaji wa tasnifu na makala za utafiti za siku hizi hukutana mara kwa mara na mchoro wa vitone vya rangi vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, ukielezwa kuwa ndiyo sura ya taaluma fulani. Aghalabu umechorwa kwa VOSviewer, programu ya bure ya Nees Jan van Eck na Ludo Waltman wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, au kwa CiteSpace ya Chaomei Chen. Ni zana bora, na kila mwanafunzi wa uzamili angefaidika kuzijua. Hata hivyo, kinachochorwa ni hifadhidata aliyoichagua mtumiaji, wala si taaluma yenyewe.

Programu hizi hazipimi ubora wa hoja. Kazi yao kubwa ni kuhesabu marejeleo. Mwaka 1963 M. M. Kessler alieleza kwamba makala mbili zinazorejelea kazi zilezile zina undugu. Mwaka 1973 Henry Small alilitazama jambo hilo kwa upande wa pili: kazi mbili zina undugu ikiwa waandishi waliozifuata wanazirejelea kwa pamoja. Programu hujumlisha undugu huo, huvisogeza karibu vitone vinavyohusiana sana, kisha huvigawa katika makundi ya rangi. Katika VOSviewer, kitone kuwa juu au chini, kushoto au kulia, hakuna maana. Chenye maana ni umbali. Makundi nayo hutegemea mkono wa mtumiaji. Akitaka kila kazi iwe imerejelewa mara nyingi ndipo iingie, makala mpya hutoweka. Akibadili kipimo cha mgawanyo, idadi ya makundi hubadilika, ilhali data ni ileile.

Tuchukue isimu ya Kiswahili. Sehemu kubwa ya taaluma hii imo katika vitabu, makala za makongamano na majarida kama Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makala ambayo marejeleo yake yamebaki karatasini haina uzi wa kuiunganisha na nyingine, hata kama imefundishwa kwa miaka mingi. Hifadhidata za Scopus na Web of Science, ambazo ndizo chanzo cha michoro mingi, zimeelemea majarida ya Kiingereza. Anayechora kutokana nazo ataona wanaoandika kwa Kiingereza wamekaa katikati, na anaweza kuamini kwamba hapo ndipo fikra zilipozaliwa.

Wapo watakaosema tatizo limekwisha, kwa kuwa tangu 2022 ipo OpenAlex, hifadhidata huria yenye wigo mpana zaidi. Ni hatua kubwa, lakini nayo haiwezi kuunganisha marejeleo ambayo hayajafika mtandaoni. Wengine watasema mtaalamu anayeteua kwa macho yake naye ana upendeleo. Kweli, na hakuna awezaye kusoma makala elfu kumi. Ila upendeleo wa mtaalamu tunaweza kuubishia kwa jina lake. Wa mchoro hujificha nyuma ya hesabu. Kwa hiyo mtafiti achore kwa hifadhidata mbili, abadili vipimo, na aamini yale yanayobaki. Chini ya mchoro aandike chanzo, tarehe na vipimo alivyotumia.

Nanyi wahariri wa majarida yetu, wekeni mtandaoni orodha za marejeleo za matoleo yote, ya zamani na mapya, katika muundo unaosomeka na kompyuta.